Toni ya Redio Haifichi Maneno Yako

Mvuvi au nahodha wa boti anunuapo redio ya mkononi, ile ambayo wengi huiita simu ya upepo, mara nyingi huambiwa kwamba akiweka toni mazungumzo yake yatakuwa ya siri. Hata watengenezaji wengine wameandika ahadi ya namna hiyo kwenye makasha yao. Sisi tulio katika kazi ya usalama mwambaoni mwa Ziwa Mweru tunapenda kuwaeleza wananchi kwamba ahadi hiyo si ya kweli, na kwamba kuiamini kwaweza kumgharimu mtu uhai wake majini.

Redio mbili huzungumza zikiwa kwenye masafa mamoja. Toni ni mlio mzito ambao redio huuchanganya na maneno ya msemaji muda wote anapobonyeza kitufe cha kusemea. Toni za kawaida huanzia hezi 67 hadi hezi 254.1, nazo redio huzichuja zisitoke kwenye spika, kwa kuwa sauti ya msemaji hupitishwa kuanzia takriban hezi 300. Redio inayopokea, ikiwa imepangiwa toni, huisubiri toni hiyo. Ikiipata, hufungua spika. Isipoipata, hunyamaza, ingawa mawimbi yameifikia barabara. Iko pia namna ya pili inayotumia tarakimu badala ya mlio, lakini kazi yake ni ileile.

Kwa hiyo toni ni bawabu aliyesimama kwenye sikio lako mwenyewe. Juu ya sikio la jirani hana mamlaka yoyote. Mtu aliye kwenye masafa yaleyale, akiwa hakupanga toni, husikia kila neno: bei ya samaki, mahali nyavu zilipotegwa, saa ambayo mashine ya boti itabaki ufukweni bila mlinzi. Mambo ya namna hiyo yasisemwe redioni, iwe na toni au bila toni.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya upande wa pili. Tuchukue mfano wa boti iliyotoka Kashikishi, ikakumbwa na upepo usiku. Nahodha anaita. Boti nyingine iko karibu, na masafa ni yaleyale, lakini redio yake imepangiwa toni ambayo yule anayeita hana. Wito unafika, spika inakaa kimya, na waliomo hawana habari kwamba mtu anazama jirani yao. Nahodha aliye taabuni hawezi kujua toni za boti zote, wala huo si wakati wa kuanza kuzitafuta.

Ndiyo maana tunashauri kwamba mkiwa ziwani toni ya kupokea izimwe kabisa. Katika redio ya Baofeng UV-5R, toni ya kupokea iko kwenye menyu namba 11 na ya kurusha namba 13. Zile za tarakimu ni namba 10 na 12. Mtasikia porojo za watu wengine, na jambo hilo huchosha, lakini porojo ni afadhali. Toni ya kurusha yaweza kubaki ikiwa wenzenu wanaihitaji. Taa ya kijani ikiwaka huku spika iko kimya, yaelekea yupo mtu anayesema: shikilieni kitufe cha pembeni kilicho chini ya kile cha kusemea, mtamsikia. Fanyeni hivyo pia kabla ya kuanza kusema, msije mkawakatiza wengine ambao toni imewafanya msiwasikie.

Toni haimpi mtu haki ya kutumia masafa yoyote atakayo. Kwa upande wa Zambia kibali hutolewa na ZICTA. Upande wa Kongo una mamlaka yake.

Jambo moja zaidi, dogo kwa sura tu. Ziwa letu lina Kilwa mbili: kisiwa kilicho upande wa Zambia, na mji ulio ufukoni mwa Kongo. Anayeomba msaada redioni asiseme “niko karibu na Kilwa” akanyamaza. Aseme “Kilwa kisiwani” au “Kilwa ya Kongo”, ataje idadi ya watu waliomo botini, kisha aachie kitufe, maana akiendelea kukibonyeza hatasikia jibu.