Mumi wa Smokie

Kila msee wa Mbotela anajua smokie inaishianga wapi. Jioni trolley inapark kando ya stage, msee wa smokie anapasua, anajaza kachumbari, anamwagia pilipili, unatoa bob 35 unamanga ukitembea. Sasa jaribu kumshow unataka sita, zisipasuliwe, kachumbari aweke kando, juu ni za kulisha samaki. Mi nilimshow. Alinicheki hivi, akafunga karatasi polepole kama mtu anauzia mlevi.

Form ilikuwa Masinga. Maji ya karibu tunayo, lakini cheki rangi yake: Ngong River inatoka Nairobi Dam, inapita Industaria na Mukuru, inaingia Nairobi River, yenye inaenda kumwagika Athi, na povu inafika mpaka Fourteen Falls. Mumi wanaishi humo fiti, hao hawachagui. Mi nachagua. Masinga ni maji ya Tana, dam ilianza kazi 1981, na unaifikia na mat ya Garissa Road mpaka Matuu, alafu nduthi.

Wanguys wengi wanadhani samaki ni samaki. Zii. Tilapia ni msee wa majani na uchafu wa kijani wa majini. Ukimtega, mpe ugali ama nyungunyungu. Bass wa Naivasha anatumia macho, anataka kitu inakimbia, na smokie haijawahi kimbia. Lakini mumi, manze! Macho yake ni kama hana, na hayuko na shida. Ndevu zake zinaonja, ngozi yake inaonja, mwili mzima. Mumi ni ulimi yenye mkia. Kwa maji ya matope, mafuta na chumvi na moshi wa smokie ni kama umemtumia location.

Marekani wasee wa kuvua mumi wanajua hii story kitambo. Wanakata hotdog, wanaiweka kwa saumu na unga wa juice ya strawberry, inalala usiku mzima. Mi na beste yangu tuliiga. Asubuhi mat yote ilinuka harusi na hospitali kwa wakati mmoja.

Tulipofika, shida ikawa smokie yenyewe. Ni laini. Unarusha mshipi, nati ya baiskeli inaivuta chini, ndoano inatua ikiwa uchi na smokie inaelea peke yake kule. Smokie mbili zikaenda hivyo, bob 70 kwa maji. Kumbe unafaa kukata kipande nene kiwe na ngozi, unakianika kwa jua kikauke kidogo, unapitisha ndoano mara mbili, alafu unazungusha uzi ya kushona.

Kando yetu kulikuwa na mzee na kopo lake la nyungunyungu. Alituangalia tukifunga sausage na uzi kama fundi wa nguo.

"Vijana wa Nairobi, hata mimi sijaonja hiyo kitu mwaka huu."

Tukampea moja. Hakuiweka kwa ndoano. Aliimaliza akiwa amesimama, akapangusa mkono, ndio akatushow tusogee nyuma juu hapo tulipokaa mamba hupita. WHO ilisema 2015 hizi nyama za kiwanda zinaleta kansa ya utumbo. Mzee hakuuliza, mumi hakuuliza, na sisi huku mtaani tulisikia tukaongeza pilipili.

Saa kumi hivi, beste yangu akavutwa karibu aingie ndani. Mumi! Mrefu kama mkono wangu mzima, mweusi, na hasira za makanga.

Hapo ndio ujue huyu samaki ni wa ajabu: ako na kitu juu ya mashavu inamwezesha kuvuta hewa ya kawaida. Tukamfunga kwa gunia mbichi, akasafiri chini ya seat mpaka tao akiwa hai. Karibu na Thika gunia ikaruka. Mathe mmoja akapiga nduru, konda akatuchaji kichwa ya tatu.

Kwa keja, mbuyu alicheka mpaka akakohoa. "Kwetu ziwani mumi mdogo ndio chambo ya mbuta. Nyinyi mnamnunulia sausage?"

Mathee hakuwa na time ya hizo story. Alipasua tumbo, akatoa kipande ya smokie, bado na uzi yake, akaishika juu ya taa.

Brathe yangu mdogo akauliza kama kachumbari iko.