Kufikiri kwa Pamoja: Kompyuta Yaweza Kusaidia Nini?

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita 1,200 hivi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea katika mstari mmoja mrefu nyuma ya kirangozi, yaani kiongozi wa njia, kwa kuwa kijia kilikuwa chembamba. Mkutano wetu wa kawaida, uwe wa darasa au wa kamati, hufanana na msafara huo: mmoja husema, wengine hungoja zamu. Makala haya yanaeleza jinsi kungoja huko kunavyopoteza mawazo, na jinsi kompyuta inavyoweza kuipanua njia.

Mawazo hupotelea wapi?

Mwaka 1953 Mmarekani Alex Osborn alieleza kitabuni njia ya kubuni mambo kwa kundi: kila mtu aseme wazo limjialo, na mtu asikosoe hadi mwisho. Aliamini kwamba kundi litazaa mawazo mengi kuliko watu waliotengana. Mwaka 1958 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale walilipima dai hilo. Walilinganisha watu wanne waliokaa pamoja na wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo ya hao wa pili yakajumlishwa, na yaliyorudiwa yakahesabiwa mara moja tu. Waliotengana ndio walioshinda.

Sababu ni nini? Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe, waliofanya majaribio yao Ujerumani, walionyesha kwamba kizuizi kikubwa ni zamu yenyewe. Angojaye hulazimika kulishika wazo lake akilini. Wakati huo ni vigumu kuunda jingine, na pengine hata lile la kwanza humponyoka. Tena wako wanyamazao kwa kuona haya mbele ya mwalimu au mkubwa wao.

Kazi ya kompyuta

Katika miaka ya 1980, Jay Nunamaker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, walitengeneza programu ya mikutano. Kila mshiriki hukaa mbele ya kompyuta iliyounganishwa na nyingine. Huandika wazo lake, nalo huonekana kwa wote bila jina. Kwa hiyo wote huweza "kusema" kwa wakati mmoja. Kila wazo huhifadhiwa. Na wazo hupimwa kwa uzito wake, si kwa cheo cha mwenyewe. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 1992 yalionyesha kwamba faida huongezeka kadiri kundi linavyokuwa kubwa. Kwa watu wawili haikuonekana, maana wawili hawangojani sana.

Kompyuta huweza pia kuunganisha ujuzi wa watu waliotawanyika. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam, na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ilikuwa miongoni mwa washiriki. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora ramani za mitaa ikumbwayo na mafuriko, wakazitia katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote aweza kuihariri. Mkazi alijua maji hupita wapi. Mwanafunzi alijua kuyachora.

Zoezi kwa shule za Tabora

Mwaka 2006 Tanzania iliipendekeza njia ya misafara kwa UNESCO, ikataja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara iko karibu na mji wa Tabora. Lakini msafara haukuruka kutoka kituo hadi kituo. Katikati palikuwa na visima, kambi na miembe ya kivuli, ambavyo habari zake nyingi zimo vichwani mwa wazee. Mzee akifariki kabla ya kuulizwa, sehemu ya njia hufutika pamoja naye.

Basi darasa lijiulize: "Tutaihifadhije njia hii katika kata yetu?" Ligawanywe makundi mawili yenye idadi sawa. Kundi la kwanza lizungumze kwa zamu kwa dakika 15, na mmoja aandike kila wazo. La pili, kwa muda uleule, liandike kimya katika kompyuta zilizounganishwa, bila majina. Penye upungufu wa kompyuta, karatasi zinazopitishwa mkono kwa mkono zitafaa. Kisha yahesabiwe mawazo yasiyojirudia katika kila kundi.

Ieleweke kwamba kompyuta hukusanya tu. Haijui wazo lipi ni jema. Tena kuficha majina huweza kuwapa wengine ujasiri wa kuandika matusi, hivyo mwalimu aweke masharti mapema. Kuchagua ni kazi ya baraza: wanafunzi wakae ana kwa ana, wabishane kwa hoja, wachague mawazo matatu, kisha waende kwa wazee na daftari mkononi. Watakayoyapata, wakikubaliwa na wazee hao, wayatie katika ramani, ili shule za Mpwapwa na Ujiji ziyaone na kuongeza ya kwao.