Nafuu ya Ushuru Inayofika Shambani

Mwekezaji anapobembelezwa alete kiwanda Kisumu, jambo linalotangulia mezani ni kodi: asamehewe kiasi gani, na kwa miaka mingapi. Sheria ya Kenya imeshajibu sehemu ya swali hilo. Kampuni iliyosajiliwa katika eneo maalum la kiuchumi, chini ya sheria ya mwaka 2015, hutozwa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza na asilimia 15 kwa kumi inayofuata, ilhali kampuni ya kawaida hulipa asilimia 30. Ni zawadi kubwa, na anayeigharimia ni mlipa kodi. Ndiyo maana sisi wa ukanda wa ziwa tuna haki ya kuuliza inamfikia nani. Ninaloshikilia hapa ni kwamba nafuu ya kodi huzaa kazi pale inapofungamanishwa na kitu ambacho wenyeji wanakizalisha kwa mikono yao, na inapodumu muda wa kutosha mkulima kupanga msimu wake. Ushahidi wangu ni mtama.

Mwaka 2004 serikali ilikubali kuipunguzia ushuru wa bidhaa bia ya bei nafuu iitwayo Senator, inayouzwa kwa mapipa, ili wanywaji wenye kipato kidogo waache pombe haramu zilizokuwa zikiua watu na kuwapofusha. Baadaye bia hiyo ilifungamanishwa na mtama, na leo sheria inaruhusu nafuu kwa bia iliyotengenezwa kwa mtama, wimbi, muhogo au mazao mengine ya humu nchini, shayiri ikiwa imeachwa nje. Sharti hilo moja lilibadilisha hesabu za wakulima wa Homa Bay, Siaya, Migori na Busia. Mtama wa aina ya Gadam, mfupi na wa kukomaa upesi, ukaanza kulimwa kwa ajili ya kuuza. Si zao la mtu mvivu. Punje zikiwa bado na maziwa, ndege hushuka kwa makundi, na lazima awepo mtu shambani tangu alfajiri akipiga kelele na kurusha mawe. Masuke hukatwa, huanikwa juu ya turubai, hupigwa kwa fimbo na kupepetwa. Kisha mnunuzi hudunga gunia, hutoa kiganja cha nafaka na kuangalia unyevu na mchanga kabla ya kupima uzito. Katika kiganja hicho ndimo nafuu iliyoandikwa Nairobi inapogeuka kuwa karo ya shule.

Halafu serikali ikabadili nia. Mwaka 2013 ilipunguza nafuu hiyo kutoka asilimia 100 hadi 50. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka kwa zaidi ya nusu, na wakulima waliokuwa wamepanda kwa kutegemea soko hilo wakabaki na magunia yao. Ushuru uliotarajiwa haukupatikana, kwa sababu bia isiyonunuliwa haitozwi kitu. Miaka mingi haikupita, nafuu ikarudishwa hadi asilimia 90. Baada ya hapo ndipo kampuni ya East African Breweries ilipotangaza, mwaka 2017, kwamba itatumia shilingi bilioni 15 kujenga upya kiwanda cha Kisumu, ambacho kilikuwa kimefungwa kwa zaidi ya mwongo mmoja. Kilifunguliwa mwaka 2019. Sidai kwamba ushuru pekee ndio uliokileta, kwani soko la magharibi mwa Kenya ni kubwa na nafaka iko jirani. Lakini hakuna anayezika bilioni 15 mahali ambapo sheria huyumba kila Juni bajeti inaposomwa.

Wako wanaopinga, na hoja zao ni nzito. Hoja ya kwanza ni kwamba pombe huvunja nyumba, na serikali haifai kuipunguzia bei. Ni kweli pombe huvunja nyumba. Hata hivyo, mnywaji wa mtaa maskini aliyenyimwa bia iliyopimwa mara nyingi huenda kwa chang'aa isiyopimwa, na kama kuna zao jingine la ziwani linaloweza kubeba nafuu ya namna hii, mathalani pamba au samaki wa kufugwa, mimi ningelichagua kwanza. Hoja ya pili ni kwamba kiwanda cha kisasa huendeshwa na mitambo, hivyo walioajiriwa ndani ni wachache. Nakubali. Kazi nyingi ziko nje ya lango: shambani, kwenye maghala na kwenye malori. Ndiyo sababu sharti la nafaka ya humu nchini lina uzito kuliko idadi ya vibarua inayotajwa siku ya kukata utepe. Liondoe sharti hilo, na nafuu itabaki kwa mwenye hisa.

Hatari ya kutegemea ulinzi wa soko pekee Kisumu inaijua. Kiwanda cha nguo cha Kicomi kiliajiri watu wengi, kisha soko likafunguliwa miaka ya 90, mitumba ikamiminika, kilimo cha pamba nacho kikazorota, na mitambo ikanyamaza. Tena sera za kitaifa hazikuupendelea mji huu. Kwa takriban miaka kumi, hadi 2020, mwekezaji mkubwa aliyejenga nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu aliruhusiwa kukata asilimia 150 ya gharama zake katika hesabu ya kodi. Kisumu ikahesabiwa tajiri pamoja na Nairobi! Kaunti nayo haina uwezo wa kurekebisha hilo, kwa maana Katiba inaipa kodi za ardhi na burudani, na nyingine pale tu Bunge linapoidhinisha. Inachoweza kutoa ni ardhi yenye hati safi, leseni za haraka, maji na barabara. Vitu hivyo, pamoja na gati la mafuta lililokamilika mwaka 2018 na bandari iliyokarabatiwa kwa takriban shilingi bilioni 3, vina sifa ambayo msamaha wa kodi hauna: vinamhudumia hata mfanyabiashara mdogo asiye na wakili, na mwekezaji akiondoka vinabaki.

Kifungu cha 210 cha Katiba kinataka kila msamaha wa kodi uwekwe kwenye kumbukumbu ya umma pamoja na sababu yake, na uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Msomaji wa Seme, Rangwe au Bondo, kaunti yako ikiitisha kikao cha kutoa maoni kuhusu bajeti, hudhuria, uulize kiwanda kilichoahidiwa kitanunua nini kutoka shambani kwako, na kwa miaka mingapi.