Studio ya nyumbani: Ni kifaa gani kinunuliwe kwanza?

Al-Shumaisi ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya Riyadh, mji mkuu wa Saudi Arabia. Hauko mbali na Batha, eneo la maduka ambako wafanyakazi wengi wa kigeni hununua simu, kompyuta na vifaa vingine vya umeme.

Kwa msanii wa Afrika Mashariki anayeishi huko, akiba ya miezi kadhaa inaweza kutosha kuanzisha studio ndogo chumbani. Hata hivyo, wapo wanaomaliza fedha zote kwa kununua kompyuta yenye nguvu kupita kiasi, kisha wakaimbia maikrofoni duni.

Kompyuta ya kadiri

Kurekodi sauti hakuhitaji kompyuta ya bei ghali. Dakika moja ya sauti ya mwimbaji mmoja, ikirekodiwa kwa biti 24 na kilohezi 48, huchukua takriban megabaiti 9. Wimbo wa dakika 4, wenye sauti na ala 16 zilizorekodiwa moja moja, hauzidi megabaiti 600.

Kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 8 inatosha kwa kuanzia, ingawa 16 ni bora kwa anayetumia ala nyingi zilizomo ndani ya programu. Diski iwe ya SSD: haizunguki, hivyo haitoi mlio wa kunaswa na maikrofoni. Programu ya Audacity hupatikana bila malipo.

Kadi ya sauti na maikrofoni

Fedha zinazookolewa hapo zielekezwe kwenye kadi ya sauti ya nje, inayounganishwa kwa waya wa USB. Hiyo ndiyo inayogeuza sauti kuwa tarakimu zinazohifadhiwa na kompyuta. Kadi nzuri pia hupunguza ucheleweshaji, kwani mwimbaji anayejisikia kwa kuchelewa hupoteza mapigo.

Maikrofoni ya kondensa hunasa hata sauti hafifu, lakini huhitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi, na hunasa pia mngurumo wa kiyoyozi na honi za barabarani. Katika chumba cha mtaa wenye msongamano, maikrofoni ya dainamiki, kama vile Shure SM58 iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, huenda ikafaa zaidi, maana hunasa hasa sauti iliyo karibu nayo. Mablanketi mazito ukutani hupunguza mwangwi, na kiyoyozi kizimwe wakati wa kuimba.

Umeme wa huku na wa nyumbani

Anayekusudia kurejea na vifaa vyake hana budi kusoma maandishi ya kwenye chaja kabla ya kulipa. Kwa miaka mingi, nyumba za Saudi Arabia zilitumia umeme wa volti 127 pamoja na 220, wa hezi 60. Kenya, Tanzania na Uganda hutumia volti 230 hadi 240, wa hezi 50.

Chaja iliyoandikwa 100-240V, 50/60Hz hufanya kazi kote. Kifaa cha volti 110 au 127 pekee kitaungua mara kikichomekwa Mombasa au Dar es Salaam. Kompyuta mpakato ina faida nyingine: umeme ukikatika, betri huokoa kazi iliyokuwa ikirekodiwa.

Nakala ya pili

Ajira ya ugenini huweza kukatika ghafla. Nje ya mji wa Jeddah, jina hilo hilo la Shumaisi ni la kituo wanakozuiliwa wageni wanaosubiri kurudishwa makwao.

Kwa hiyo, kifaa cha mwisho katika orodha, na pengine cha bei nafuu kuliko vyote, ni diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Nakala nyingine itumwe kwa intaneti kwa ndugu aliye nyumbani. Kompyuta ikibaki Riyadh, nyimbo ziwe zimekwishafika.