Super League Ilikufa kwa Siku 2, Lakini Hii ya Melbourne Ilitoboa

Aprili 2021, timu 12 kubwa za Ulaya zilitangaza zinaanzisha ligi yao. Mafans wa Arsenal, Liverpool na Man U mnakumbuka hiyo drama: ndani ya siku 2 timu zote 6 za Uingereza zilikuwa zimehepa. Sasa cheki hii. Kuna wasee Australia walijaribu mchezo huo huo karne ya 19, na mpango ukaiva.

Game yenyewe si soka yetu, ni ile ya Australia. Mpira uko kama yai, uwanja pia uko kama yai, na kila upande kuna milingoti 4. Ukipiga katikati ya miwili ya kati, ni goli. Ukipitisha kando, kati ya mlingoti wa ndani na wa nje, unapata pointi ndogo tu.

Story inaanzia Victoria, wakati Australia haijakuwa nchi moja, ni makoloni ya Mwingereza tu. Ligi kubwa huko ilikuwa VFA, iliyoanza 1877, na ikifika 1896 ilikuwa na klabu 13. Shida ilikuwa ganji. Mwaka huo VFA ilileta pendekezo kwamba pesa za geti zigawanywe sawa kwa klabu zote, ndio zile ndogo pia zipumue. Wadosi wakaona ni kama wanaombwa walishe watoto wa jirani. Na haikuwa pesa pekee. Waliogopa pia klabu ndogo zikiungana zitawapiku kwa kura na kuendesha ligi nzima.

Oktoba 1896, klabu 6 zikajitoa: Collingwood, Essendon, Fitzroy, Geelong, Melbourne na South Melbourne. Wakaita Carlton na St Kilda wawe 8. Hapo ndipo VFL ilizaliwa.

Msimu wa kwanza ulianza Mei 8, 1897. Siku hiyo Fitzroy ilidunga Carlton 49-16, na usishangae hizo namba. Zamani kilichohesabiwa kuamua mshindi ni magoli peke yake, lakini msimu huo goli likawa pointi 6 na ile ndogo pointi 1. Kila timu ilikuwa na wachezaji 20 uwanjani.

Baada ya mechi 14, timu 4 za juu zikacheza zenyewe kwa zenyewe, kila moja na kila nyingine. Essendon ikashinda zote 3, ikabeba kombe bila fainali yoyote. Ile mechi ya mwisho, Septemba 4 dhidi ya Melbourne, ilikuwa kavu ajabu: Essendon goli 1 na pointi ndogo 8, Melbourne bila goli na pointi ndogo 8. Yaani 14-8. Ukiniuliza, waliolipa geti siku hiyo walifaa kurudishiwa.

Sasa St Kilda, mgeni mwalikwa. Maze, hao waliteswa! 1897 walipigwa mechi zote 14. 1898, zote. 1899, zote tena, na kuna siku Geelong iliwafunga pointi 162 kwa 1. Walipoteza mechi 48 mfululizo. Ushindi wao wa kwanza ulikuja 1900, tena walitoka sare na Melbourne kwanza, wakakata rufaa, ndipo wakapewa.

Lakini angalau walikuwa ndani. Klabu 5 zilizoachwa VFA zilibaki zikigonga mlango. Richmond ilifunguliwa 1908. Footscray ilichukua ubingwa wa VFA 1898, 1899 na 1900, na bado ikangoja mpaka 1925, ikaingia pamoja na North Melbourne. Port Melbourne na Williamstown hawakuwahi kuitwa, na hiyo ligi ya wadosi ndiyo tangu 1990 inaitwa AFL.