Datsun 240Z Juu ya Stendi: Kubadili Flaiwili na Klachi Nyumbani

Miongoni mwa magari ya mbio yaliyoacha jina katika Afrika ya Mashariki, ni machache yenye haki ya kutangulizwa mbele ya Datsun 240Z, ambalo mwaka 1971 liliwapatia Edgar Herrmann na Hans Schüller ushindi wa mashindano ya Safari, na mwaka 1973 likampatia ushindi huo huo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa pamoja na mwelekezi wake Lofty Drews, baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya namna nyingine, hata ikabidi itumike kanuni ya kupambanua waliofungana. Gari lile jekundu lenye boneti nyeusi, refu kwa mbele na fupi kwa nyuma, lilipita katika matope na vumbi la mashindano yale ya Pasaka mbele ya macho ya watu wa mijini na mashambani, na waliolitazama likipita hawakulisahau.

Gari hili lilitolewa hadharani Japani mwishoni mwa mwaka 1969, likauzwa Marekani kwa bei ya dola 3,500 na kidogo, chini ya usimamizi wa Yutaka Katayama aliyeiongoza biashara ya Nissan katika nchi ile, na lilipofika mwaka 1973 likaiachia nafasi 260Z. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,393, na gari zima halizidi tani moja kwa kiasi kikubwa. Leo magari hayo yamepita umri wa miaka hamsini, na mengi katika yale yaliyosalia yamo mikononi mwa watu wanaoyatunza wenyewe, katika mabanda na nyua za nyumba zao, bila ya karakana kubwa na bila ya mitambo ya kunyanyulia. Hali hiyo si ya kusikitikiwa. 240Z lilibuniwa kwa namna inayomruhusu mwenye jeki madhubuti, stendi nne na sanduku la spana kuifikia klachi kutoka chini, kwa kuishusha giaboksi peke yake, ilhali wenye MGB ya Uingereza, gari la mbio la zama hizo hizo, hulazimika kuing'oa injini nzima ili waitazame klachi, ambayo ni sahani isiyozidi upana wa shubiri.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuiona sehemu hii ikiwa wazi, nitaeleza kwanza hikima yake. Injini ya silinda sita haisukumi mfululizo. Husukuma kwa mapigo, mara tatu katika kila mzunguko wa krenkshafti, na baina ya pigo na pigo hupungukiwa na nguvu. Flaiwili, ambayo ni sahani nzito ya chuma iliyofungwa mwishoni mwa krenkshafti, huipokea nguvu ya pigo, ikaihifadhi katika uzito wake unaozunguka, kisha ikairudisha pale inapopunguka, na kwa njia hiyo mwendo ukawa laini. Uso wake wa nyuma, uliochongwa ukawa sawa, ndio ambao diski ya klachi hubanwa juu yake na presha pleti. Dereva akikanyaga pedali, beringi husukuma vidole vya presha pleti, diski ikaachiliwa, injini na giaboksi zikatengana. Diski basi ina nyuso mbili za kusuguana, moja upande wa presha pleti na moja upande wa flaiwili, na ajabu ni kwamba watu wanaokubali kwa hiari kununua diski mpya, na presha pleti mpya, na beringi mpya, aghalabu huuacha uso wa flaiwili kama walivyoukuta.

Neno langu katika makala haya ni dhidi ya desturi hiyo. Taabu ya kazi hii haimo katika vipande vinavyobadilishwa, bali imo katika njia ya kuvifikia. Na maadamu njia imekwisha funguliwa kwa jasho, kila kilichomo ndani yake kinastahili kupimwa na kuhukumiwa siku hiyo hiyo, flaiwili ikiwa ya kwanza.

Maandalizi ni mengi kuliko kazi yenyewe. Gari huinuliwa juu ya sakafu ngumu na kukalishwa kwenye stendi, wala asilale mtu chini yake likiwa limeshikwa na jeki tupu, kwa maana jeki ya mafuta huweza kushuka bila ya kutoa ilani. Waya wa betri hutolewa, mafuta ya giaboksi humwagwa, na ndani ya gari mkono wa gia hutenganishwa. Huko chini bomba la moshi hufunguliwa kwenye manifoldi na kushushwa, na propela shafti hutiwa alama katika flanji ya difu kabla ya kufunguliwa bolti zake nne, ili irudi pale pale ilipokuwa na isilete mtetemo ambao haukuwapo. Waya wa spidomita, waya za taa ya rivasi na stata hufuata. Silinda ndogo ya klachi hufunguliwa bolti zake mbili na kufungwa kando kwa kamba, bomba lake la mpira likiwa limeunganishwa kama lilivyo, na kuanzia saa hiyo mtu yeyote wa nyumbani ahadharishwe asikanyage pedali.

Injini hutegemezwa kwa kipande cha ubao chini ya sampu, giaboksi ikatiliwa jeki yake, na bolti zinazoifunga kwenye injini zikafunguliwa, zile za juu kwa ekstensheni ndefu inayopitishwa kutoka nyuma ya giaboksi, kwa sababu hapana mkono wa mwanadamu unaopita baina ya giaboksi na sakafu ya gari. Hapa ndipo pahitajiwapo watu wawili, mmoja akishika na mmoja akiongoza. Giaboksi irudishwe nyuma ikiwa imenyooka, na wakati wowote isiachwe ikaning'inia juu ya shafti yake iliyomo ndani ya diski, ama sivyo kitovu cha diski kitapinda. Hasara hiyo haina uzito leo inapotolewa diski ya zamani, lakini siku ya kurudisha itaiharibu diski mpya kabla haijapata kufanya kazi.

Presha pleti hufunguliwa kidogo kidogo kwa kuvuka upande huu na upande wa pili, ili springi yake iachilie sawasawa. Vumbi litakaloonekana humo ndani lisipulizwe kwa pampu wala kwa mdomo, kwani diski za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo chembe zake zikiingia mapafuni hazitoki; lilowanishwe kwa maji, lipanguswe kwa kitambaa, na kitambaa kikafungwe na kutupwa. Diski yenyewe hupimwa kina cha vichwa vya ribiti: ukibaki unene usiofika milimita 0.3 baina ya uso wa diski na ribiti, diski imekwisha, na ikiwa ribiti zimekwisha gusa chuma, flaiwili itakuwa na mifereji ambayo ukucha utaisikia.

Sasa flaiwili imedhihiri, nayo ni kitabu kwa anayejua kuisoma. Madoa ya rangi ya buluu yaliyotapakaa usoni ni athari ya joto la klachi iliyoteleza, na pale penye doa chuma kimegeuka kuwa kigumu kuliko jirani yake, hata kikichongwa hakishuki sawa na kwingineko, na ndiyo sababu mashine ya kusaga kwa jiwe ni bora kwa kazi hii kuliko mashine ya kukereza. Nyufa ndogo mithili ya nywele zikiwa juu juu huweza kuondoka kwa kusagwa. Zikiwa ndefu, au zimeelekea matundu ya bolti, flaiwili hiyo isirudishwe tena garini kwa hali yoyote, kwa kuwa chuma kizito kinachozunguka mara 6,000 kwa dakika karibu na miguu ya dereva kikipasuka hakizuiliki na bati la sakafu. Mzingo wake una meno yanayoshikana na stata, na huko pia pana jambo la kustaajabisha: injini ya silinda sita inapozimwa haisimami popote, bali husimama pale mgandamizo unapoizuia, na mahali hapo ni patatu katika mzunguko, kwa hiyo stata huyagonga meno ya mahali pale patatu miaka nenda miaka rudi, na ndiyo yanayolika, ilhali mengine yangali mazima. Ukiyaona yamelika hivyo, pete ya meno hutolewa na kutiwa mpya, iliyopashwa moto kiasi cha nyuzi 200 za sentigredi hata ikatanuka, ikavishwa upesi, na ikipoa hubana yenyewe.

Wapo wapendao mbio ambao huitumia fursa hii kuipunguza flaiwili uzito, au kununua nyepesi badala ya ile ya kiwanda iliyo na uzito wa kilo kumi hivi. Sikatai kwamba injini hupanda kasi kwa wepesi zaidi ikiwa na flaiwili nyepesi, na kwamba chuma kilichoondolewa ukingoni kina athari kubwa kuliko kilichoondolewa karibu na kitovu, kwa sababu nguvu inayohifadhiwa huongezeka kwa mraba wa umbali. Lakini gari la kupandia kilima katika msafara wa magari ya mjini, linalosimama na kuondoka kila baada ya hatua chache, huihitaji akiba ile ya nguvu ili liondoke bila ya kuichoma klachi, na kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba 240Z la matembezi libaki na uzito liliopewa na waliolibuni. Ya mashindano ni habari nyingine.

Flaiwili ikiwa imefunguliwa na kupelekwa kwa fundi wa mashine, mwenye gari ana wasaa wa kuyatazama mawili yaliyofichwa nyuma yake. La kwanza ni sili ya mafuta ya krenkshafti, ambayo bei yake ni ndogo lakini ikivuja itailowesha diski mpya mafuta, na diski iliyolowa mafuta haitengenezeki. La pili ni bushi ndogo ya shaba nyeusi iliyopigiliwa ndani ya ncha ya krenkshafti, inayoishika ncha ya shafti ya giaboksi. Kuitoa bushi hiyo pasipo chombo maalumu kuna hila ya zamani inayonipendeza kwa usafi wake: tundu hujazwa grisi hata likafurika, kikatiwa chuma cha mviringo kinachoenea barabara, kikapigwa kwa nyundo, na grisi, isiyokubali kugandamizwa, huingia nyuma ya bushi na kuisukuma itoke yenyewe.

Kipo kipande kimoja ambacho watu wa Datsun wanakijua kwa machungu, nacho ni kola inayovaa beringi ya klachi. Nissan ilitengeneza presha pleti za vimo mbalimbali kwa injini za jamaa hii, na kila kimo kina kola yake. Mtu akinunua presha pleti ya 280Z, gari la baadaye la jamaa hiyo hiyo, na akaifunga pamoja na kola ya 240Z, vyote viwili vikiwa vizima na halali, klachi huweza kukataa kuachia au kukataa kushika, na giaboksi itashushwa upya. Dawa yake ni kuipima kola ya zamani pamoja na presha pleti ya zamani, kisha kuvipima vipya, na kutokubali tofauti yoyote isiyokuwa na maelezo.

Kurudisha ni kufuata njia ile ile kinyume, pamoja na masharti machache yasiyokubali kupuuzwa. Flaiwili hufutwa kwa dawa ya kuondoa mafuta, na tangu hapo isiguswe kwa vidole. Bolti zake sita hukazwa kwa spana ya kupimia, kwa kuvuka, kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha kiwanda, si kwa kukadiria kwa nguvu za bega. Diski hutiwa upande wenye kitovu cha springi ukielekea giaboksi, ikakalishwa katikati kwa shafti ya kuongozea, ndipo presha pleti ikakazwa. Grisi katika meno ya shafti iwe kidogo sana, kama utando, kwa kuwa ikizidi hurushwa na mzunguko ikaangukia diski. Magari ya mwanzo yana fimbo ya kurekebisha kwenye silinda ndogo, na nafasi yake iachwe kama kitabu kinavyoagiza. Ya baadaye hujirekebisha yenyewe. Kilomita mia chache za mwanzo ziwe za mwendo wa taratibu, bila ya kuvuta mzigo na bila ya kuondoka kwa kishindo, mpaka nyuso zikubaliane.

Nawasihi basi wenye magari haya, na mafundi wanaoaminiwa kuyafungua, wasikubali diski mpya ifungwe juu ya flaiwili ambayo haikutolewa, haikupimwa na haikusagwa. Malipo ya fundi wa mashine kwa kuisawazisha ni sehemu ndogo ya gharama ya klachi nzima, na anayeyakwepa leo huifungua giaboksi ile ile kwa mara ya pili.