Kabla ya Kumnunua Mtoto wa Mbwa, Mtazame Mama Yake

Familia nyingi za Bujumbura zitafutazo mlinzi wa nyumba hupendelea mbwa wa Kijerumani, yule atumiwaye na polisi na majeshi ya nchi nyingi. Chama cha wafugaji wake kiliundwa Ujerumani mwaka 1899 na Kapteni Max von Stephanitz, askari wa farasi, na tangu hapo nasaba huandikwa daftarini.

Lakini ndugu msomaji, karatasi ya nasaba haitoshi. Mfugaji mwaminifu hukukaribisha kwake umwone mama pamoja na wanawe. Mtazame mama huyo akiinuka na kutembea, maana ubovu wa nyonga hurithiwa sana katika aina hii. Mfugaji huyo naye atakuuliza kama una ua na ni nani atakayemlisha mbwa, wala hatakupa mtoto asiyetimiza majuma 8. Auzaye njiani, akidai mama yuko mkoani, mpite.

Jihadhari pia na aapaye kwamba mtoto wa majuma 8 amekwisha kuchanjwa kichaa cha mbwa. Kwa kawaida chanjo hiyo hutolewa kuanzia majuma 12. Ni wajibu wako mnunuzi kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Ugonjwa huo huweza kujificha mwilini kwa miezi, huku mbwa akicheza na watoto. Mtoto akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile. Dalili zikishatokea, ni nadra mno mtu kupona.